Ijumaa Nyeusi ya Tempelhof: rada ilikuwapo, mpangilio haukuwapo

Ijumaa ya tarehe 13 Agosti 1948, mawingu yalishuka juu ya Berlin hadi yakafika usawa wa mapaa ya majengo yanayouzunguka uwanja wa ndege wa Tempelhof, na mvua ikanyesha kwa nguvu kiasi kwamba waongozaji waliokuwa mnarani hawakuweza kuiona njia ya kutulia iliyokuwa mbele yao. Ndege ya mizigo aina ya C-54, mojawapo ya zile zilizokuwa zikiulisha mji uliofungiwa na Wasovieti, ilipitiliza mwisho wa njia hiyo, ikaanguka na kushika moto. Iliyokuwa nyuma yake ilifunga breki kwa nguvu ili isiivamie ile iliyokuwa ikiungua, na matairi yake yakapasuka. Ya tatu ikatua mahali ambapo haikupaswa kabisa kutua, kwenye njia nyingine ambayo mafundi walikuwa bado wanaijenga, ikapoteza mwelekeo na kuzunguka ardhini kabla ya kusimama. Hakuna aliyekufa katika ajali hizo tatu, jambo ambalo hadi leo linashangaza. Marubani waliiita siku hiyo Ijumaa Nyeusi, na jina likabaki.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya jenerali mmoja mkali aliyekasirika akiwa hewani na kubadilisha kila kitu kwa amri moja. Kuna ukweli ndani yake, lakini usimulizi huo huacha jambo ambalo mtu wa fani ya uongozaji ndege angelitazama kwanza. Tempelhof ilikuwa na rada ya kuongozea utuaji. Ilikuwa rada ya kijeshi, ya aina bora iliyokuwapo duniani wakati ule, yenye uwezo wa kumwongoza rubani asiyeona chochote hadi karibu kabisa na ardhi. Swali la kisa hiki, basi, ni kwa nini uwanja wenye chombo kama hicho ulishindwa siku ileile ambayo chombo kilitengenezwa kwa ajili yake. Jibu langu ni kwamba rada ya namna hii ni mlango mwembamba: hupitisha ndege moja baada ya nyingine kwa usalama mkubwa, lakini haiwezi kupanua njia ya kuufikia mlango wenyewe, na kabla ya Ijumaa ile hakuna aliyekuwa ameupanga msongamano uliokuwa nje.

Mazingira ya jumla yanajulikana, na yanahitaji maneno machache tu. Tarehe 24 Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara, reli na njia za maji zilizoziunganisha sekta za magharibi za Berlin na Ujerumani Magharibi, na watu zaidi ya milioni mbili wakabaki wakitegemea chakula na makaa ya mawe yatakayoletwa kwa ndege. Kilichobaki wazi ni njia tatu za anga zilizokubaliwa kwa maandishi tangu Novemba 1945, kila moja ikiwa na upana wa maili 20. Wamarekani walianza safari zao tarehe 26 Juni, Waingereza siku mbili baadaye. Mwanzoni zilitumika hasa C-47, ndege za injini mbili zilizobeba tani tatu na ushee, kisha zikaingia C-54 za injini nne zilizobeba kama tani 10 kila moja. Mwishoni mwa Julai uongozi wa operesheni ulikabidhiwa Meja Jenerali William Tunner, aliyekuwa amewahi kusimamia usafirishaji wa mizigo kwa ndege kuvuka milima ya Himalaya kwenda China wakati wa vita.

Tunner hakupenda ushujaa. Alipenda ratiba. Mpango wake ulikuwa kwamba ndege za aina moja, zikiruka kwa kasi moja, zifuatane kwa nafasi zisizobadilika, na kipimo kilichokuja kuwa alama ya operesheni hiyo ni dakika tatu kati ya ndege na ndege. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kufanywa hapa kwa sababu ndiyo inayoeleza kilichotokea. Ndege inayoruka maili 170 kwa saa huenda maili nane na nusu kwa dakika tatu, yaani zaidi ya kilomita 13. Kutoka Frankfurt hadi Berlin safari ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Kwa hiyo, mtiririko ukiwa kamili, muda wowote ule kulikuwa na takriban ndege 30 zilizokwisha kuruka na zinazoelekea kwenye uwanja mmoja. Uwanja huo ukikwama kwa dakika tatu, ndege moja inakosa mahali pa kwenda. Ukikwama kwa nusu saa, zinakosa ndege kumi, na zilizo nyuma hazijui kwamba mbele kumefungwa.

Tempelhof yenyewe ilikuwa mahali pagumu. Uwanja huo uko katikati ya mji, na upande mmoja ndege zilishuka kati ya majengo marefu ya makazi, zikapita juu ya makaburi, kisha zikalazimika kuteremka kwa mteremko mkali kuliko ambao rubani angeuchagua kwa hiari yake. Wiki tatu kabla ya Ijumaa Nyeusi, tarehe 25 Julai, C-47 moja iligonga jengo la makazi katika mtaa wa Friedenau ilipokuwa ikikaribia uwanja, na marubani wake wawili wakafa. Umbali wa kilomita kama 18 upande wa magharibi kulikuwa na Gatow, uwanja wa Waingereza, wenye msururu wake wa ndege. Anga yote ya Berlin ilibanwa ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha maili 20, na nje ya duara hilo, ukiondoa zile njia tatu, ilikuwa anga ya Wasovieti. Ndege iendayo maili tatu kwa dakika hulivuka duara zima kwa dakika 13 au 14. Rubani aliyeambiwa azunguke akisubiri, akiwa ndani ya mawingu, na bila chombo cha kumwonyesha wenzake walipo, hakuwa na nafasi kubwa ya kukosea.

Sasa tuiangalie rada. Wazo lake lilianza mwaka 1941 katika maabara ya mionzi ya chuo cha MIT, kwa mwanafizikia Luis Alvarez, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1968 kwa kazi nyingine kabisa. Alvarez aliiona rada ya kuelekezea mizinga ikifuata ndege kwa usahihi mkubwa, akajiuliza: kama mtu aliye chini anajua ndege iko wapi kwa usahihi wa kutosha kuipiga, kwa nini asitumie ujuzi huohuo kuiteremsha salama kwa kumwambia rubani maneno machache redioni? Majaribio ya kwanza ya mwaka 1942, yaliyotumia rada ya mizinga kama ilivyokuwa, yalishindwa. Ndege ikishuka karibu na upeo wa macho, mawimbi yake hurudi kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kudunda ardhini, na chombo kikashindwa kutofautisha ndege halisi na taswira yake iliyoonekana kana kwamba iko chini ya ardhi. Rada iliyowekwa ili kuzuia ajali ilikuwa tayari kumwelekeza rubani udongoni.

Suluhisho lake ndilo ambalo rada za aina hii zimeendelea kulifuata. Badala ya boriti moja ya mviringo inayoifuata ndege, ziliwekwa antena mbili zenye boriti nyembamba na bapa: moja inafagia kushoto na kulia ili kupima mwelekeo, nyingine inafagia juu na chini ili kupima kimo. Upana wa boriti upande ule unaopimwa ni chini ya digrii moja, kwa hiyo ndege inapokaribia njia ya kutulia, kosa lake huhesabika kwa mita. Antena hizi hutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 3, kwa sababu mawimbi mafupi ndiyo yanayokubali kubanwa kuwa boriti nyembamba bila kuhitaji antena kubwa kupita kiasi. Pamoja nazo huwekwa rada ya tatu, ya upekuzi, inayotumia mawimbi ya sentimita 10 na kuzunguka pande zote, ambayo kazi yake ni kuzikusanya ndege zilizo mbali na kuzipanga hadi zifike kwenye mstari. Chombo kizima, kilichopewa jina la kijeshi la MPN-1, kiliwekwa kwenye magari ili kihamishwe kutoka uwanja hadi uwanja, na majira ya joto ya 1943 mfano wake ulipelekwa Uingereza ukajaribiwa kwa ndege za vita katika kituo cha Elsham Wolds.

Ndani ya gari hilo hapakuwa na uchawi wowote. Palikuwa na giza, joto la taa za elektroniki, na watu wameketi bega kwa bega. Mmoja aliangalia skrini ya upekuzi, akampokea rubani kwa redio na kumpa mielekeo na vimo hadi akawa maili kadhaa kutoka uwanjani. Wawili wengine, mmoja kwa mwelekeo na mmoja kwa kimo, walizungusha magurudumu ya mkono ili alama isiache kuikalia doa la ndege kwenye skrini zao. Magurudumu hayo yaliendesha mishale mbele ya mtu wa nne, mwongozaji wa hatua ya mwisho, aliyesoma makosa kwa futi na kuyageuza kuwa maneno: geuka kulia digrii tatu, uko kwenye mstari, uko juu ya mteremko futi 40, ongeza kidogo kasi ya kushuka, sasa uko sawa, maili mbili kutoka mguso, usijibu maagizo yatakayofuata. Agizo hilo la mwisho ndilo roho ya utaratibu wote. Kuanzia hapo rubani hukaa kimya, mikono kwenye usukani, na sauti moja tu husikika redioni, wala haipaswi kukatika. Katika kanuni za leo, ndege ikiwa katika hatua ya mwisho, ukimya wa mwongozaji haupaswi kuzidi sekunde tano.

Uzuri wa mpango huu kwa jeshi uko wazi. Ndege haihitaji kubeba chombo chochote zaidi ya redio inayofanya kazi. Rubani wa nchi yoyote, mwenye ndege ya aina yoyote, hata iliyoharibika nusu ya vipimo vyake, anaweza kuteremshwa ilimradi anasikia na kutii. Mashirika ya kiraia na marubani wao walielemea mfumo mwingine, ule unaotuma miale ya redio kutoka ardhini na kumwachia rubani asome sindano kwenye dashibodi yake, kwa hoja kwamba nahodha hapaswi kuweka maisha ya abiria mikononi mwa sauti asiyemwona mwenyewe. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini viwanja vya kijeshi vina hali zake, na Berlin ya 1948 ilikuwa na ndege za kila namna, viwanja vilivyotayarishwa kwa haraka, na hakuna muda wa kufunga vyombo vipya kwenye kila ndege.

Hata hivyo, sifa zote hizo zinategemea mambo mawili ambayo Ijumaa ile yalivunjika pamoja. La kwanza ni mvua. Matone ya mvua hurudisha mawimbi ya rada, na kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo matone yanavyoonekana makubwa kwenye skrini. Kanuni ya fizikia inasema nguvu ya mwangwi wa matone madogo huongezeka kwa kipeo cha nne cha ufupi wa mawimbi, kwa hiyo mawimbi ya sentimita 3 huiona mvua zaidi ya mara 100 kuliko mawimbi ya sentimita 10. Ufupi uleule wa mawimbi uliowapa waongozaji usahihi wa mita chache uliwafanya wawe vipofu wakati wa gharika, kwani ndege yenye mwangwi hafifu ilimezwa na weupe uliotanda kwenye skrini nzima. Kwa maneno mengine, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya hali mbaya ya hewa kilikuwa bora dhidi ya ukungu na mawingu, na dhaifu dhidi ya mvua kubwa. Waliokifahamu kwa karibu walilijua hilo. Mpango wa usafirishaji ulikuwa umejengwa kana kwamba hali mbaya ya hewa ni kitu kimoja.

La pili ni foleni. Ndege ya kwanza ilipoanguka na kuwaka moto, na rada ikawa haiaminiki, waongozaji walifanya kile walichozoea: waliziweka ndege zilizokuwa zikifika kwenye rundo la kusubiri, moja juu ya nyingine, kila moja ikizunguka kwenye kimo chake. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa uwanja wenye safari chache. Lakini hapa kila dakika tatu ilifika nyingine, na rundo likapanda. Kwa maelezo ya Tunner mwenyewe, lilianzia futi 3,000 na kufika futi 12,000. Rada ya hatua ya mwisho haikuwa na msaada wowote kwa rundo hilo, maana boriti zake hutazama kipande chembamba cha anga mbele ya njia ya kutulia, wala hazigeuki kutazama nyuma. Redio zilijaa sauti za marubani wanaouliza zamu yao, na katika masafa yaliyojaa sauti hata mwongozaji hodari hawezi kutoa yale maneno yasiyokatika ambayo kazi yake inayategemea.

Tunner alikuwa ndani ya rundo. Alikuwa akienda Berlin siku hiyo kwa hafla ya kumkabidhi rubani mmoja zawadi ya saa iliyotolewa na mkazi wa mji, na ndege yake ikaambiwa isubiri kama nyingine. Alichofanya kinajulikana: alishika redio, akajitambulisha, akaagiza kila ndege iliyokuwa kwenye rundo irudishwe ilikotoka, isipokuwa yake, ambayo iliteremshwa. Marubani waliokuwa pamoja naye aliwaacha Tempelhof na kuwaambia wasiondoke mpaka wamepata namna ya kuhakikisha jambo hilo halitokei tena.

Kanuni zilizotoka hapo zilikuwa mbili za msingi, na kila moja inahitaji kutazamwa kama sehemu ya mfumo wa rada, ingawa haikuandikwa kwa ajili ya rada. Ya kwanza ilisema kila rubani anapewa nafasi moja tu ya kutua. Akikosa, kwa sababu ya mawingu, mvua, kukaa vibaya kwenye mstari au sababu nyingine yoyote, hapaai na kuzunguka ili ajaribu tena. Anaingia njia ya kurudi pamoja na mzigo wake wote na kwenda nyumbani. Ukiisikia mara ya kwanza kanuni hii inaonekana ya kupoteza: tani 10 za makaa zimesafirishwa saa nzima na nusu, zimefika mita 100 kutoka kwenye uwanja, kisha zinarudishwa. Lakini jaribio la pili lina gharama ambayo haionekani kwenye ndege hiyo moja. Kuzunguka na kurudi kwenye mwanzo wa mstari huchukua, tuseme, dakika 12, na ndani ya muda huo ndege nne zinazofuata zinatakiwa ama zisogezwe ama zisubirishwe. Zikisubirishwa, rundo limezaliwa upya. Kumrudisha mmoja ni kupoteza mzigo mmoja. Kumruhusu ajaribu tena ni kuhatarisha mtiririko mzima. Zaidi ya hayo, rubani anayejua kwamba hana haja ya kulazimisha, kwamba kurudi si aibu bali ndiyo taratibu, hapitilizi njia kwa sababu ya kung'ang'ania kutua.

Ya pili ilisema ndege zote zitaruka kwa kufuata vyombo na maagizo ya ardhini wakati wote, mchana na usiku, hata anga ikiwa safi. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyokuwa na akili zaidi, na ndiyo inayosahauliwa katika masimulizi. Rada ya kuongozea utuaji ni kazi ya watu. Wale wazungushaji wawili wa magurudumu na yule msemaji wa redioni wanafanya kitu kinachofanana na kupiga ngoma kwa pamoja, na ustadi wao huchuja haraka wasipoutumia. Uwanja unaowaita waongozaji wa rada siku za ukungu peke yake unawaita siku ambayo wao wamepooza na rubani ana hofu. Uwanja unaomteremsha kila rubani kwa utaratibu uleule hata jua likiwaka unawapa pande zote mbili mazoezi ya mamia ya mara, kukiwa na dirisha la kuthibitishia: rubani anasikia kwamba yuko futi 30 juu ya mteremko, anatazama nje, anaona kwamba ni kweli. Imani katika sauti asiyemwona mwenyewe, ile ambayo marubani wa kiraia waliitilia shaka, ilijengwa siku za jua.

Kanuni peke yake zisingetosha bila watu, na waongozaji wazoefu waliitwa kutoka mamlaka ya anga ya kiraia ya Marekani, wengi wakiwa wamewahi kulitumikia jeshi. Mpangilio wa anga nao ulinyooshwa. Ndege ziliingia kwa njia za kaskazini na kusini, zikatoka kwa njia ya kati, hivyo hakuna aliyekutana uso kwa uso na mwenzake. Kabla ya kuingia njia ya kusini, kila rubani alipita juu ya kinara cha redio cha Fulda na kutangaza muda wake hewani, na aliyemfuata akasikiliza na kurekebisha kasi yake hadi nafasi ya dakika tatu ikawa kamili. Ni jambo dogo sana, lakini maana yake ni kubwa: kosa la nafasi lilisahihishwa kilomita mamia kutoka Berlin, mahali ambapo kusahihisha ni kupunguza mafuta kidogo tu, badala ya kuachiwa mwongozaji wa rada alisahihishe maili sita kutoka uwanjani. Mlango mwembamba ulianza kupokea watu waliokwisha kupangwa mstari.

Matokeo hayapaswi kupambwa. Novemba 1948 ukungu mzito ulifunika Ulaya kwa muda mrefu, ndege nyingi zilifanya safari yote na kurudi na mizigo yao, na wakati fulani akiba ya makaa ya Berlin ilibaki ya wiki moja. Hakuna rada iliyoweza kuteremsha ndege kwenye njia ambayo rubani hakuweza kuiona hata katika futi za mwisho, kwani utaratibu wa kuongozwa kwa sauti humfikisha rubani kwenye kimo cha uamuzi, na kuanzia hapo macho yake mwenyewe ndiyo yanayotua. Kilichotofautiana na Agosti ni namna kushindwa kulivyokuwa. Ndege zilizokosa kutua zilirudi kwa mpangilio, bila rundo kuota juu ya Berlin. Januari 1949 hali ya hewa ilipolegea, mtiririko ulipanda hadi tani 171,000 kwa mwezi, na kati ya tarehe 15 na 16 Aprili, katika saa 24, ndege 1,383 zilifikisha tani fupi za Kimarekani 12,941 kwenye viwanja vya Berlin, ambavyo sasa vilikuwa vitatu baada ya Tegel kuongezwa. Siku ina dakika 1,440. Ndege hizo zilitua, kwa wastani, karibu moja kila dakika.

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba shahidi mkuu wa Ijumaa Nyeusi ni Tunner mwenyewe, mtu aliyekuwa na sababu nzuri ya kuonyesha kwamba kabla yake kulikuwa na fujo na baada yake kukawa na utaratibu. Hata ile takwimu ya futi 12,000 inatia shaka kidogo, kwa kuwa kwa kawaida ndege za Berlin hazikupita futi 10,000, kimo ambacho Wasovieti walikitetea kama mwisho wa njia za anga. Inawezekana rundo lilipita kimo hicho kwa sababu hapakuwa na nafasi chini, na inawezekana kumbukumbu ililirefusha. Pia ratiba iliyoujaza uwanja kupita uwezo wake ilikuwa, kwa sehemu, ratiba yake. Alikuwa amekaa kazini wiki mbili tu, na ni haki kusema hakuwa amepata muda. Lakini ni haki pia kusema kwamba aliongeza kasi ya kuingia kabla ya kuhakikisha kasi ya kutua. Waongozaji wa mnarani wa siku ile, ambao masimulizi huwataja kana kwamba ndio walioleta balaa, walikuwa wakitumia kanuni waliyopewa, katika mvua iliyowapofusha kwa macho na kwa rada.

Udhaifu wa mvua haukuondolewa na kanuni yoyote ya Tunner. Ulipunguzwa na mafundi waliofuata. Njia mojawapo ni kutuma mawimbi yanayojizungusha yanaposafiri. Tone la mvua, kwa kuwa ni karibu mviringo kamili, huyarudisha yakizunguka kinyume, na antena hutengenezwa isiyapokee ya namna hiyo. Ndege, kwa pembe na kona zake nyingi, huyarudisha ya namna zote, na hivyo sehemu ya mwangwi wake hupokelewa. Njia nyingine ni kulinganisha mwangwi mmoja na unaofuata na kufuta kisichosogea, ili doa linaloenda kwa kasi ya ndege libaki peke yake. Kila moja ina bei yake, kwani ya kwanza huchukua pia sehemu ya mwangwi wa ndege yenyewe, na mwongozaji huchagua lini aiwashe na lini aizime kwa kutazama skrini yake. Kazi ya wale wazungusha magurudumu imechukuliwa na mashine. Ya msemaji haijachukuliwa: viwanja vingi vya kijeshi bado vina mtu anayekaa mbele ya picha mbili, ya mwelekeo juu ya ya kimo au kinyume chake, akimwongoza rubani kwa sauti hata siku za anga safi ili asipoteze mkono wake.